Filta Hukwama Siku Inapofungwa

Filta ya oili iliyokwama ni ugonjwa unaogunduliwa kwa kuchelewa. Pikipiki imeshapandishwa kwenye stendi, oili chafu imeshamwagwa kwenye beseni, filta mpya imeshatolewa kwenye boksi lake, na ndipo ile ya zamani inapogoma. Mkono unateleza juu ya bati lenye mafuta. Kinaletwa kitambaa, hakisaidii. Unaletwa mkanda wa suruali, nao unateleza. Mwishowe zinaletwa bisibisi na nyundo, na baada ya dakika chache kopo limetobolewa huku na huku, bati limechanika, oili nyeusi inachuruzika juu ya mabomba ya eksosi, na kitako cha filta bado kimeng'ang'ania injini vilevile. Waliosimama pembeni hawakosi maoni juu ya namna ya kuifungua. Lakini mjadala wao unaanzia katikati ya habari. Filta nyingi zinazokwama hukwama siku zilipofungwa, kwa mkono wa mtu aliyeamini kwamba anafanya kazi nzuri, na hangaiko la leo ni kulipa deni alilokopa yeye miezi kadhaa iliyopita.

Tuelewane kwanza tunazungumzia filta ipi, maana si kila pikipiki inayo. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Afrika Mashariki zina injini ya ukoo wa Honda CG125, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ilitumika mno na kutunzwa kidogo. Injini hiyo haina filta ya karatasi kabisa. Ina chujio la wavu chini kwenye sampu, linaloshikiliwa na springi na nati kubwa, na ina kikombe kinachozunguka pamoja na krenki, ambacho huutupa uchafu pembeni kwa kasi ya mzunguko na kuuacha ugande humo. Boxer na baadhi ya pikipiki nyingine za Kihindi zina kipande kidogo cha karatasi kilichofichwa nyuma ya kifuniko. Filta inayotuhusu hapa ni ile ya kopo: kopo la bati lenye ukubwa wa ngumi, linalozungushwa na kukazwa moja kwa moja kwenye ubavu wa injini, na kutupwa zima likishachoka. Utaikuta kwenye pikipiki nyingi kubwa za Kijapani, kwenye Harley-Davidson, na kwenye magari mengi madogo yanayojaa barabarani kila siku. Kwa hiyo fundi wa gari anaijua kesi hii kama anavyoijua fundi wa pikipiki, ila wa pikipiki ana shida ya ziada: mara nyingi filta yake imebanwa katikati ya mabomba ya eksosi, mahali ambapo vidole vitatu vikiingia, cha nne kinabaki nje.

Kopo hili halina umri mkubwa. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walisajili hataza ya chujio la oili la gari walilolipa jina Purolator, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya oili safi hapo baadaye. Kwa miongo mitatu iliyofuata kubadili filta kulimaanisha kufungua bolti ndefu, kutoa kipande kichafu, kuosha chombo chake na kufunga upya pamoja na pete mpya za mpira. Kopo la kuzungusha na kutupa lilienea kuanzia miaka ya 1950, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba kila kitu, karatasi, vali, springi na mpira, kilikuja ndani ya kitu kimoja ambacho mkono ungeweza kukifunga bila spana. Neno hilo, mkono, tulishike, kwa sababu ugomvi wote unalihusu.

Ndani ya kopo, oili inayosukumwa na pampu huingia kupitia duara la matundu madogo kwenye kitako, hupenya karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, kisha hutoka safi kupitia tundu kubwa la katikati kwenda kwenye beringi na krenki. Injini ikiwa ya moto na ikizunguka kwa kasi, presha ya oili kwenye pikipiki kubwa ya Kijapani inaweza kufika kilo 5 kwa kila sentimita moja ya mraba. Pete ya mpira inayoizuia oili isivuje ina kipenyo cha sentimita 6 na kitu, yaani eneo lililozungukwa nayo ni kama sentimita 31 za mraba. Zidisha, utaona kwamba filta inasukumwa itoke kwenye injini kwa nguvu ya takriban kilo 150, uzito wa watu wawili wazima. Hesabu hii naitaja mapema kwa haki ya fundi anayekaza kupita kiasi. Hofu yake ina mashiko, kwa maana kopo hilo kweli linavutwa, na likiachia, oili inamwagika mbele ya tairi la nyuma la chombo chenye matairi mawili tu.

Swali ni kama kukaza zaidi kunaongeza ulinzi. Filta za pikipiki nyingi za Kijapani zina tundu lenye thredi la kipenyo cha milimita 20, na umbali kati ya jino moja la thredi na jingine ni milimita 1.5. Maana yake ni kwamba ukizungusha filta duara moja kamili, inasogea kuelekea injini kwa milimita moja na nusu. Ukifuata agizo lililoandikwa kwenye maboksi mengi, yaani zungusha mpaka mpira uguse injini, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, unakuwa umeusogeza mpira kwa zaidi ya milimita 1 kidogo tu. Kiasi hicho kinatosha kuubonyeza mpira ujaze mikwaruzo na vishimo vya uso wa injini. Kazi ya kuzuia oili inafanywa na mpira uliobonyezwa, na mpira ukishabonyea vya kutosha, hauna kazi nyingine ya kufanya. Ukiendelea kukaza unaubana hadi unapanuka pembeni, ukingo wa bati unaukaribia uso wa injini, na nguvu unayoongeza haiuzibi tena mwanya wowote. Inakwenda kwenye benki ya atakayefungua.

Hapa ndipo msuguano unapoingia, na nadhani wengi wanaupima vibaya. Mtu akiiona filta imekwama hudhani kilichoshika ni thredi, kama ilivyo kwa nati ya gurudumu iliyokula kutu. Hurushia dawa ya kutu, husubiri, hurushia tena. Lakini thredi ya filta iko ndani, upande wa oili, na haijawahi kukauka tangu siku ilipofungwa. Kilichoshika ni mpira. Thredi iko milimita 10 tu kutoka katikati, ilhali mpira uko kama milimita 31, mara tatu zaidi, na breki iliyo mbali na katikati hushika zaidi kuliko iliyo karibu, kama ambavyo mlango ni mgumu kuusukuma mtu akiuzuia kwenye kitasa kuliko akiuzuia karibu na bawaba. Dawa ya kutu haiufikii uso ambao mpira umegandana na alumini, na hata ikiufikia, mpira haukuliwa na kutu.

Mpira huo ukifungwa ukiwa mkavu, hufanya mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza, humdanganya mkono. Mpira mkavu unaposugua chuma hukwaruza na kujipinda badala ya kuteleza, kwa hiyo fundi anahisi filta imekaza mapema, hali nguvu yake nyingi imeishia kupigana na msuguano na kidogo tu ndiyo iliyoubonyeza mpira. La pili, filta hiyohiyo, ambayo kwa kweli imebonyezwa pungufu, ndiyo itakayokuwa ngumu kufungua, kwa sababu hakuna utando wa oili kati ya mpira na injini. Mpira unapikwa. Injini inapanda hadi nyuzi 90 na zaidi za joto, inapoa usiku, inapanda tena asubuhi, mamia ya mara. Mpira unapoteza ulaini, unachukua umbo la kila kishimo ulichokikalia, na kujishika humo kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango kikavu. Tone moja la oili mpya lililopakwa kwa ncha ya kidole siku ya kufunga lingeubadilisha mwenendo huu wote. Katika kazi nzima ya kubadili filta sijui hatua nyingine yenye bei ndogo na faida kubwa kama hiyo, na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Pingamizi la kwanza, na la haki, ni kwamba pikipiki inatetemeka. Gari limekalia matairi manne na injini yake imewekwa juu ya mipira, lakini pikipiki hutikisika yote, na filta iliyokazwa kwa mkono, watu husema, italegea barabarani. Ikiwa kuna pikipiki zilizopata sifa ya kutetemeka duniani, ni za Harley-Davidson, zenye silinda mbili kubwa zilizoachana kwa pembe ya nyuzi 45. Mwongozo wa matengenezo wa pikipiki hizo unaagiza filta ifungwe kwa mkono: mpira ukishagusa, ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko, basi. Waliotengeneza mtetemo huo wanaujua kuliko sisi. Tuwatazame pia watu wa mashindano ya barabara ya mzunguko, ambao oili ikimwagika mbele ya wenzao inaweza kuangusha pikipiki kumi kwa mpigo. Kanuni za mbio nyingi zinataka nati ya kumwagia oili na filta zifungwe kwa waya mwembamba wa usalama unaozivuta kuelekea upande wa kukaza, na kuna filta zinazouzwa zikiwa na nati ya milimita 17 kwenye kichwa chake, yenye kitundu cha kupitishia waya huo. Watu wenye hofu kubwa kuliko wote ya filta kulegea wameamua kuifunga kamba. Hawakuamua kuikaza zaidi, na kama kukaza zaidi kungekuwa dawa, wao wangeigundua kabla yetu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wasomaji wa vitabu vya ufundi. Watasema habari ya mkono ni ya mitaani, kwani Honda huandika nyutoni mita 26 kwa filta za pikipiki zake nyingi na Yamaha huandika 17, namba zinazohitaji spana ya kupimia. Ni kweli, na mwenye spana hiyo aitumie. Ila tuione namba yenyewe ina ukubwa gani. Nyutoni mita 26 ni sawa na kuning'iniza ndoo ya maji ya lita 10 mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 25. Za Yamaha hazifiki hata lita 7. Mwanamume mzima anayevuta spana ya urefu huo kwa mkono mmoja, huku ameegemeza goti kwenye fremu, hupita kiwango hicho bila kutoa jasho, na akiona haitoshi huongeza bomba kwenye mpini. Kisha vitabu hivyohivyo huagiza, kabla ya kutaja namba, kwamba mpira upakwe oili. Namba ni ya mpira uliopakwa. Ukiufunga mkavu, spana ya kupimia itakwambia 26 na itakuwa inadanganywa kama mkono unavyodanganywa.

Pingamizi la tatu nalikubali nusu. Kuna filta zilizofungwa vizuri kabisa, zikapakwa oili, zikaongezwa robo tatu, na bado zikakwama. Joto na muda vinafanya kazi yao hata kwa aliyetenda haki. Hata hivyo muda nao ni uamuzi wa mtu. Katika gereji nyingi oili hubadilishwa na filta huachwa, mara ya kwanza, mara ya pili, hata ya tatu, kwa hoja kwamba filta bado ni nzima au kwamba pesa ya mwenye chombo haitoshi. Mpira uliotengenezwa ukae kipindi kimoja unaachwa ukae vitatu. Na filta inayoachwa hivyo ina tatizo jingine: karatasi yake ikiziba, vali ndogo iliyo ndani hufunguka na kuiruhusu oili chafu ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni nafuu kwa injini kuliko kukosa oili kabisa. Aliyeokoa bei ya filta amebaki na kopo linaloshika injini kwa nguvu zote huku likiwa limeacha kuchuja.

Kama mambo haya hayana siri, na yameandikwa hadi kwenye boksi, kwa nini kukaza kupita kiasi hakuishi? Sidhani ni ujinga. Nadhani ni namna lawama inavyogawanywa. Fundi akiifunga filta kwa mkono na ikavuja kesho yake, mwenye pikipiki atarudi akiwa amekasirika, mbele ya wateja wengine, na jina la gereji litachafuka mtaa mzima. Akiikaza kwa spana hadi mishipa ya shingo itoke, haitavuja kesho wala keshokutwa. Itakwama, lakini itakwama baada ya miezi, na huenda ikafunguliwa na fundi mwingine, katika mji mwingine, ambaye atalaani filta, atalaani mtengenezaji, na hatamjua aliyekaza. Kosa la kulegeza lina mwenyewe na linalipwa papo hapo. Kosa la kukaza halina mwenyewe. Mtu mwenye akili timamu, akiwekwa mbele ya hesabu ya namna hiyo, atakaza. Na mteja naye humsukuma: anasimama pembeni na kusema kaza vizuri fundi, kaza kabisa, kana kwamba nguvu ndiyo alama ya uaminifu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoharibu pikipiki ndogo zisizo na filta ya kopo, na hapo madhara yake ni makubwa zaidi. Nati ya kumwagia oili kwenye injini ya ukoo wa CG ni ya chuma, na inaingia kwenye sampu ya alumini, ambayo ni laini. Kila anayebadili oili kando ya barabara huongeza nguvu kidogo kuliko aliyemtangulia, maana ameikuta ngumu na anadhani hivyo ndivyo inavyotakiwa. Siku moja meno ya alumini yanang'oka pamoja na nati. Filta iliyokazwa mno huharibu filta, kitu cha kutupwa. Nati iliyokazwa mno huharibu injini, kisha hufungwa tena kwa uzi wa plastiki na gundi, na kuvuja oili tone kwa tone katika chombo ambacho sampu yake hubeba lita 1 tu. Mwendesha bodaboda anayeona kisa cha filta ya pikipiki kubwa hakimhusu na aitazame nati yake.

Sasa tuseme deni limeshakopwa na filta imekwama mbele yako. Ukikubali kwamba kinachoshika ni mpira, na kwamba kinachovutwa ni kopo la bati jembamba, utaratibu unajipanga wenyewe. Ijaribu filta kabla ya kumwaga oili. Hili wengi hawalifanyi, na lina thamani kubwa, kwa sababu filta inayokataa huku oili ikiwa bado ndani ya injini ni usumbufu tu: unaweza kuwasha pikipiki na kwenda kwa mwenye kifaa. Inayokataa oili ikiwa kwenye beseni imeshakufunga miguu. Iwashe injini dakika chache ipate uvuguvugu, kwani mpira wa vuguvugu ni laini kuliko wa baridi, lakini usiifikishe mahali ambapo mabomba ya eksosi yatakuunguza. Hakikisha mwelekeo. Filta hufunguka kinyume cha saa kwa mtu anayeitazama kutoka upande wa kichwa chake, na kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi kichwa hicho kinatazama mbele au chini, mtu aliyeinama kutoka juu na kupitisha mkono nyuma yake huipoteza picha hiyo kwa urahisi. Si filta chache zilizokazwa zaidi na watu waliokuwa wakizifungua.

Halafu tafuta mshiko, siyo nguvu. Mkono ulioshindwa na bati lenye mafuta mara nyingi hushinda bati likishafutwa kwa petroli kidogo na kuzungushiwa kipande cha msasa, upande wa mchanga ukiligusa bati. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kikizungushwa kwa kukazwa mara mbili tatu karibu na kitako, hushika vizuri kuliko mkanda wa ngozi. Kifaa bora kuliko vyote ni kile kikombe cha chuma kinachovaa kichwa cha filta na kukalia pembe zake zote kwa pamoja, ambacho lazima kiwe cha kipimo cha filta yenyewe, maana kikombe kilichozidi milimita chache hukwangua pembe na kuziacha duara. Zipo pia kucha tatu za chuma ambazo hujibana zenyewe kadiri unavyozungusha. Kwa kifaa chochote kile, vuta polepole na kwa mfululizo. Mpira ulioganda huachia taratibu, ukisikika kama mlio mfupi wa kukwaruza, na baada ya hapo kidole kinatosha.

Watetezi wa bisibisi watasema mbinu yao haijawahi kushindwa, na kwamba filta ni takataka, kuna ubaya gani kuitoboa? Naijua hoja, na sikatai kwamba mara nyingi inafanya kazi. Lakini tazama inachokifanya. Nguvu yote ya kuzungusha inapitia matundu mawili kwenye bati ambalo unene wake haufiki milimita moja, wakati kinachoshika kiko kwenye kitako kinene. Kamba hukatikia pembamba. Mpira ukiwa umeshika kweli, tundu linakuwa mfereji, mfereji unalizunguka kopo, na unabaki na kitako bila mahali pa kushika. Zaidi ya hayo, tundu la kwanza ndilo mwisho wa hiari yako. Kabla yake unaweza kurudisha oili na kuondoka. Baada yake pikipiki haiwashwi mpaka filta itoke. Kwa hiyo bisibisi iwe ya mwisho kwenye foleni, ipigwe karibu na kitako ambapo bati lina nguvu, lakini isilifikie bomba lenye thredi lililo katikati, kwani hilo ni la injini na likipinda, ndipo gharama inapoanza.

Kopo likishachanika, kuna njia bado. Kitako kina ukingo, na tindo ndogo butu ikiegemezwa kwenye ukingo huo kwa ulalo, kuelekea upande wa kufungua, ikagongwa kwa nyundo nyepesi mara nyingi kuliko kwa nyundo nzito mara moja, husogeza kitako kidogo kidogo. Pigo fupi la nyundo linautingisha mpira na kuubandua, kitu ambacho mvuto wa spana hauufanyii. Uangalifu uwe kwenye uso wa alumini ambao mpira mpya utaukalia. Mkwaruzo mmoja wa tindo ukivuka uso huo kutoka ndani hadi nje ni njia ya oili ambayo filta yoyote itakayokuja itashindwa kuiziba.

Filta ikitoka, igeuze uitazame kitako kabla ya kufurahi. Pete ya mpira iko? Mpira uliogandana na injini kwa nguvu za kumkatisha mtu tamaa unaweza kabisa kubaki pale pale, mweusi juu ya uso mweusi, na filta mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili iliyolaliana hukaa kimya injini inapozunguka taratibu, kisha presha ikipanda, mmoja huteleza na oili hutoka kwa kishindo, sampu nzima kwa dakika chache. Kidole kilichopitishwa kuzunguka uso wa injini kinatosha kujua.

Hatua zinazobaki ni chache: kitambaa safi, tone la oili kwenye mpira mpya, zungusha mpaka uguse, weka alama kwenye kopo ili uihesabu robo tatu badala ya kuikisia, iwashe injini, chungulia chini. Na kwa fundi ambaye bado anamhofia mteja atakayerudi kesho, kuna brashi ndogo na rangi nyeupe, au hata wino wa kucha. Piga mstari mmoja unaoanzia kwenye kopo na kuishia kwenye injini, mwonyeshe mwenye pikipiki, na uandike tarehe na kilomita ubavuni mwa filta. Baada ya wiki moja ya mashimo na matuta, atainama atazame: mstari ukiwa bado umeungana, filta haijasogea hata kidogo, na atakayekuja kuifungua atajua ilifungwa lini.